Nilivyoulizwa kuhusu wanaume wangu wa zamani mahakamani

Kilichoninyima usingizi si kumwona tena yule mtu aliyenibaka. Niliwahi kuishi na mwanaume bila ndoa, mtaani kwetu Mbagala nani hajui, na nilijua wakili wake atalitoa.

Mama mmoja msaidizi wa kisheria alinikalisha barazani kwake jioni mbili. Akanieleza kwamba Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama, katika kesi za makosa ya ngono, kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, ikiridhika kuwa anasema kweli tupu.

“Ndiyo maana watakuchafua, mwanangu. Wakishindwa na maelezo yako, watakugeukia wewe.”

Akaniambia hakimu huandika kwa mkono, hivyo nisijibu mpaka kalamu isimame. Katika kimya hicho wakili wa serikali anapata nafasi ya kupinga swali.

Siku ilipofika, wasiohusika walitolewa nje, maana ushahidi wa kesi hizi husikilizwa faragha. Nikapumua kidogo. Wakili wa utetezi alianza polepole: njia niliyopita, taa, nguo niliyovaa. Kisha:

“Shahidi, kabla ya siku hiyo ulishakuwa na wanaume wangapi?”

Nikaitazama kalamu. Bado ilikuwa inatembea. Nikashika upindo wa mtandio, nikangoja. Wakili wa serikali alikuwa ameinamia PF3 yangu, ile fomu ya polisi ya matibabu, hakuinua kichwa. Kalamu ikasimama.

“Mheshimiwa,” nikasema, “naomba mwongozo wa mahakama. Swali hili linahusu shitaka lililo mbele yako?”

Hapo wakili wa serikali akanyanyuka, akapinga: aliyemridhia mtu mwingine zamani hajamridhia mshitakiwa usiku ule. Hakimu ana mamlaka ya kuzuia maswali ya aibu yasiyogusa jambo linalobishaniwa, na akalizuia.

Nilishukuru, lakini moyo unaniuma nikimfikiria binti asiye na mtu wa kumkalisha barazani. Wenzetu Kenya, kwa kifungu cha 34 cha sheria yao ya makosa ya ngono ya mwaka 2006, wakili haruhusiwi kugusa historia ya ngono ya mlalamikaji mpaka aombe ruhusa ya mahakama kwanza. Mzigo wa kusimama na kuomba uko kwake, si kwa mwanamke anayetoa ushahidi.

Wakili akafungua ukurasa mwingine.

“Ulifika nyumbani saa ngapi?”

“Saa nne usiku.”

Nikangoja kalamu isimame.