Mkono wa nane umekaa

Jumanne, usiku

Umekaa. Saa tano na robo, upepo unagonga bati kama unadai kodi, na mkono wa kushoto wa gauni la binti yangu Doto umekaa begani bila hata kikunjo kimoja. Nimeugeuza nje ndani, nimeupiga pasi, nimelitundika gauni kwenye msumari wa mlango na kurudi nyuma hatua tatu kulitazama. Nikamwamsha baba wa watoto aje aone. Akakodoa macho, akasema, "Si mkono tu, mama Kulwa?" Akarudi kulala. Basi nawaandikia ninyi mnaojua kwa nini mtu mzima anashangilia mkono.

Mpango wenyewe ni huu: sare ya kitenge ya nyumba nzima kwa harusi ya mdogo wangu kule Kondoa. Gauni la Doto, shati la Kulwa, shati la baba yao, na gauni langu la solo. Nilijipa wiki tatu. Nilianza na la Doto kwa sababu ni dogo, nikasema hilo la siku mbili, nikishalimaliza mkono utakuwa umechangamka. Leo ni siku ya kumi na tatu.

Sketi ilikubali. Zipu ilikubali, na mimi na zipu hatuna historia nzuri. Shingo niliweka bitana badala ya pindo na ikatulia siku ile ile. Kilichonitesa ni kichwa cha mkono, pale juu unapokutana na bega. Kila nikishona, vikunjo. Vidogo vidogo, vimepangana kama ukingo wa sambusa iliyofungwa na mtu mwenye haraka. Doto alivaa la majaribio akajitazama kwenye kioo cha kabati, akauliza, "Mama, mbona bega langu lina andazi?"

Patani, ile karatasi ya kufuatisha wakati wa kukata, nilitoa kwenye blauzi ya mtumba niliyoipata soko la Sabasaba. Ilimkaa vizuri mno, nikaifumua yote kwa wembe, nikaichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. (Kwa mtindo ambao Dodoma inajengwa, karatasi hiyo hatutaikosa. Ni ngumu, haichaniki kwenye kona, na ukiipiga pasi inanyooka. Kung'uta vumbi kwanza tu.) Kwa hiyo nilikuwa na hakika patani ni nzuri, lawama nikaitupia mikono yangu mwenyewe.

Mkono wa kwanza na wa pili nilipiga bandi, mishono mirefu ya muda, nikavuta uzi taratibu kusambaza ile ziada ya kichwa cha mkono kuzidi tundu lake. Vikunjo. Nikasema labda ni gundi ya kitenge kipya, maana hiki kilikuwa kikavu kinalia kama gazeti. Nilikuwa nimekata bila kuloweka, mnicheke. Nikakata kipande cha sentimita 20 kwa 20, nikakifua kwa maji ya moto, nikakianika. Kilirudi na 19.3 upande wa urefu na 20 kasoro kidogo upande wa upana. Nikaloweka kitenge chote kilichobaki usiku kucha. Kililainika, kweli, na nashukuru kimepungua kabla ya kushonwa badala ya baada ya harusi. Mkono wa tatu nikaukata humo. Vikunjo vilipungua, havikuisha.

Hapo ndipo nilipojidanganya vibaya. Ili nisiendelee kula kitenge, mkono wa nne nilifanyia majaribio kwenye khanga kuukuu, mwili na mkono wote khanga. Ukakaa mara moja! Nikaimba. Nikarudi kwenye kitenge kwa mkono wa tano nikiwa nimeshika pini vile vile, kasi ile ile, pasi ile ile, na andazi likarudi begani. Nilikaa chini sakafuni.

Sasa naona ilikuwa wazi. Khanga iliyofuliwa miaka sita ni laini, nyuzi zake zimelegea, ukiipa mkono wenye ziada ya sentimita mbili inaimeza na kutulia. Ile blauzi ya mtumba nayo ilikuwa kitambaa cha kuteleza, kinameza chochote. Kitenge kimefumwa kwa kubana, hakimezi. Ziada usiyoiondoa kwenye karatasi itakuja kukusalimia begani.

Nikasema basi, napunguza. Nikachukua futi, nikazungusha kwenye tundu la mkono, mabega yakiwa yameshaungwa: sentimita 30. Nikazungusha kwenye kichwa cha mkono: 35. Tano nzima! Nani anaweza kuficha sentimita tano? Nikapunguza nne kwa hasira, nikashona mkono wa sita, na safari hii mambo yakageuka. Mkono ndio ukawa mfupi, ukalivuta bega, gauni likakunjamana kwapani, na Doto akawa hawezi kuinua mkono kumpungia hata bibi yake. Wa saba nikapunguza mbili badala ya nne, nikaharibu umbo, sitaki kuuzungumzia.

Jana nilipeleka gauni Majengo kwa mzee mmoja mwenye cherehani barazani, kisingizio nataka apige ovaloki, ule mshono wa kuzuia ukingo usifumuke, kwenye ubavu. Shikamoo, marahaba, nikasimama karibu makusudi ili aone bega. Akaliona kabla sijamaliza kukunja ule mfuko. Hakusema kitu. Alichukua futi yake, akaisimamisha kwa ukingo wake kama unavyosimamisha kadi, akaipitisha kwenye tundu la mkono, lakini si pembeni ya kitambaa. Aliipitisha ndani, pale sindano inapopita.

"Unapima ukingoni, mwanangu," akasema. "Kwani unashona ukingoni?"

Nilikaa kimya mpaka akamaliza ovaloki.

Tundu la mkono ni shimo. Ukiingia ndani ya kitambaa sentimita moja, shimo linakua. Mkunjo wake ni kama nusu duara, kwa hiyo sentimita moja ya nafasi ya mshono inaongeza karibu tatu kwenye mzunguko. Kichwa cha mkono hakina tabia hiyo, kwa sababu chini kimebonyea na juu kimetuna, kinachoongezeka huku kinapungua kule. Nikatoa na sentimita moja moja ya ubavu kila upande, hesabu ikaja hivi: tundu langu la 30 ni 31 kwenye mstari wa mshono, na mkono wangu wa 35 ni 33. Tofauti halisi ilikuwa mbili tangu siku ya kwanza. Mimi nilipoondoa nne nilibaki na mkono wa 29 ninaoulazimisha kwenye shimo la 31, halafu nashangaa mtoto hainui mkono.

La pili alilosema ndilo lililonikera zaidi kwa sababu nililijua na kulisahau. Nguo ya mtoto huwi na haraka ya kufunga ubavu. Unaunga bega, unatandaza mwili wote mezani, unashona mkono ukiwa bado bapa, ndipo unashuka na mshono mmoja kutoka kiganjani hadi kwapani hadi kiunoni. Mimi nilikuwa nafunga kila kitu kwanza, kisha naingiza bomba la sentimita 27 kwenye shimo dogo nikiwa nalizungusha kwenye mguu wa cherehani kama mtu anayevalisha soksi paka.

Alichukua hela ya ovaloki tu.

Basi leo nikachora upya. Kichwa cha mkono kilikuwa na kimo cha sentimita 8, nikashusha hadi 6. Ukishusha kimo lazima upanue, vinginevyo mzunguko unapungua mno, kwa hiyo upana ukatoka 27 kwenda 28. Nikapima kwenye mstari wa mshono, futi imesimama: 31.5. Nusu sentimita ya ziada, na hiyo nusu nimeiweka yote juu, kidole kimoja kila upande wa bega, chini kwapani sikuacha kitu. Nikapiga bandi kwa uzi mweupe, nikageuza mkono ukae chini na mwili juu, ili meno ya cherehani yasukume ule upande wenye ziada. Nikakanyaga polepole. Mishono kumi, simama, tazama. Mishono kumi, simama, tazama.

Halafu pasi. Nilikunja taulo likawa kama mkate, nikaliingiza begani, nikapiga kwa kitambaa chenye unyevu. Umekaa.

Neno kuhusu cherehani, kwa kuwa niliulizwa natumia ipi. Bado naikanyaga Butterfly nyeusi ya mama, aliyoinunua kabla mimi sijaanza shule. Nina na ile ndogo ya umeme ya plastiki, zawadi, sitaitaja jina. Kwa khanga na shuka haina neno. Kwenye makutano ya kwapa, ambapo kitenge kinakuwa matabaka manne, inanguruma kama mbuzi amekabwa na inaruka mishono. Nyeusi inapita hapo kwa sindano namba 14 bila kusita, na umeme ukikatika inaendelea. Inachotaka ni usafi. Vumbi la hapa kuanzia Juni ni adui: likikutana na mafuta kwenye shato, kile chuma kinachobeba bobini ya uzi wa chini, linakuwa uji mzito, uzi unaanza kukusanyika chini na wewe unalaumu bobini. Kila Jumapili nafungua, nasafisha kwa mswaki wa zamani, natia tone la mafuta ya cherehani. Ya cherehani. Jirani alitia ya kupikia, yakaganda, sasa gurudumu lake linahitaji wanaume wawili.

Pini nimeacha kabisa kwenye kitenge. Zinatoboa, zinasogeza, na Kulwa alikanyaga moja. Bandi tu.

Ijumaa

Mkono wa kulia wa Doto ulikaa kwa jaribio moja. Ule wa tisa, kwa wanaohesabu. Sikumwamsha mtu.

Shati la Kulwa limekwisha pia, kwa patani ile ile niliyoipanua kidogo kifuani. Ni pacha lakini yeye ni mnene. Kola niliweka gamu nyepesi, kile kitambaa cha kukazia; nzito inamfanya aonekane karani. Mfukoni nilijitahidi ua likutane na ua la kifuani, likapishana kwa upana wa punje ya mchele, na kwa hilo nitakufa nalo.

Sasa nilipaswa kushona shati la baba yao. Vipande vya mbele na mgongo nilishavikata tangu wiki ya kwanza, vimekaa kwenye salfeti nyuma ya mlango. Kilichotokea ni kwamba jana nimewapeleka watoto shule, upepo ukapeperusha kofia ya Doto hadi ng'ambo ya barabara, bodaboda ikapita juu yake. Asubuhi za Julai hapa mnazijua, baridi na vumbi kwa pamoja. Nikarudi nyumbani nikatazama ile mikono sita iliyoharibika kwenye kapu, nikaona kofia.

Vipande sita vya umbo la jani vinavyokutana juu. Kichwa cha Doto ni sentimita 52, gawanya kwa sita, 8.7 kila kimoja, ongeza nafasi ya mshono. Mikono iliyoharibika ilitosha vipande sita kabisa, khanga ya majaribio ikawa bitana, hivyo inageuzwa pande mbili. Nikashona jioni hiyo hiyo. Haikuingia kichwani.

Ni jambo la kijinga lakini naliandika ili nisirudie. Mishono sita. Kila mmoja nilizidi milimita moja tu kuingia ndani, na kila mshono unakula kutoka vipande viwili. Sita mara mbili, milimita kumi na mbili. Kofia ya 52 ikawa ya chini ya 51, na bitana ndani yake ikala zaidi. Imemfaa mwanasesere wa jirani.

Ya pili imemwingia. Pale juu ncha sita zinapokutana pamebaki tundu la ukubwa wa karanga, kwa sababu nilishona kila mshono hadi mwisho badala ya kuunga tatu na tatu, nusu mbili, kisha mshono mmoja mrefu katikati. Nimefunika kwa kifungo cha ile blauzi ya mtumba. Nimeongeza na kamba ya lastiki ya kupita chini ya kidevu, upepo uje sasa. Kulwa ameona, anataka yake, ila yenye masikio. Masikio nimeshachora mawili kwenye karatasi ya saruji, la punda na la sungura, nangoja aamue.

Baba yao amenikuta nachora. Ametazama masikio, ametazama salfeti nyuma ya mlango.

"Harusi ni Jumamosi ijayo, si ndiyo?"

Nimemwambia ndiyo, na aipishe taa, ananizibia mwanga.