Nati iliyoganda

Theluji ya kwanza ilikuwa imetabiriwa usiku ule, nami nimelala chali chini ya gari, nati ya koilova, yaani shokapu yenye springi ambayo kimo chake hurekebishwa, haizunguki. Nilikuwa nimeipulizia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, nikasugua thredi kwa brashi ya waya, nikagonga spana kwa nyundo hadi ikachomoka na kunichuna kidole. Nati ya mbele kulia ilibaki palepale nilipoiacha mwezi wa tano.

Koilova nilizinunua kwa sababu moja tu: kiangazi gari likae chini, baridi ikianza nilipandishe sentimita 3. Springi fupi za kushusha gari hazikupi nafasi hiyo. Ukishazifunga, kimo walichokupangia kiwandani ndicho hichohicho mwaka mzima. Koilova ina mwili wenye thredi kama boliti. Unazungusha nati, gari linapanda au linashuka. Nikajiona mjanja.

Chumvi ikaniumbua. Ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huchanganyika na maji na mchanga, na tairi hulirusha tope hilo moja kwa moja kwenye thredi. Koilova zangu zilikuwa na nati za alumini juu ya mwili wa chuma. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa: hutoa unga mweupe, unga hujaa kwenye thredi, nati inashika kama imechomelewa. Maji huganda, nati nayo huganda. Mimi nilivipata vyote ndani ya juma moja. Baada ya baridi mbili tu nilikuwa na koilova zisizorekebishika, yaani springi fupi za bei mbaya.

Nusu ya kosa ni langu, nakiri. Sikuwa nimezipaka grisi hata siku moja, wala kuziosha kwa maji matupu baada ya safari za chumvi. Zipo pia zenye mwili wa chuma cha pua, kampuni ya KW wanazitengeneza, na hizo huvumilia zaidi. Lakini hata nati ingezunguka kwa kidole, kuna jambo ambalo sikulihesabu: ukibadilisha kimo, magurudumu hubadilisha mkao, kwa hiyo alaimenti inarudiwa. Mara mbili kwa mwaka, kila mwaka. Na taa za mbele nazo uziangalie, zisije zikawamulika watu machoni.

Basi nikaingia kwenye baridi ya tatu na gari lililokaa chini. Theluji laini haikunisumbua sana, bampa inaisukuma tu. Balaa ni ile iliyoshindiliwa katikati ya njia mbili za matairi. Asubuhi moja gari lilipanda juu yake likalalia tumbo, magurudumu yakabaki yanazunguka bila uzito wa kuyakandamiza. Nilichimba kwa koleo, halafu kwa mikono, nikiwa na viatu vya kazini. Na njia zikishaganda na kuwa na mabonde, springi ngumu hurukaruka juu yake. Tairi inaachia barabara ghafla, kabla usukani haujakuonya. Springi laini huliinamisha gari polepole, nawe unapata muda wa kuhisi kinachokuja.

Mwishowe nilizitoa zote nikafunga springi za kushusha milimita 25. Zipo za 40 na zaidi, na kwenye picha hupendeza kweli, ila sikutaka tena kulala barabarani na koleo. Pamoja nazo nikafunga shokapu mpya zilizotengenezwa kwa springi fupi. Hapa usibane mkono: springi ngumu juu ya shokapu iliyochoka hulifanya gari lidundedunde kama mpira. Zile raba za ndani zinazozuia shokapu isigonge mwisho nilizikata kwa kipimo cha maelekezo, si kwa macho. Vikalio vya juu, vinavyoshika shokapu kwenye bodi, nilirudisha vya raba. Vile vya chuma vyenye tufe la chuma linalozunguka, vilivyokuja na koilova, vilikuwa vinagongagonga tangu chumvi na mchanga viingie. Kisha nikaliinua gari kwa jeki, magurudumu yakining'inia, kuhakikisha springi bado imebanwa kwenye kikalio chake. Ikilegea hapo, ni fupi mno kwa shokapu yako.

Kimo nilikipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kabla na baada, kwa sababu ukipima kutoka chini, upepo wa tairi unakudanganya. Nikaendesha siku chache springi zikae sawa, ndipo nikafanya alaimenti. Mara moja.

Wiki iliyopita rafiki yangu kaniuliza, "Kaka, nichukue springi au koilova?" Nikamuuliza kama yuko tayari kupiga magoti kwenye baridi kila mwezi na brashi na grisi. Akacheka, akaniuliza springi zangu ni za milimita ngapi. Nikamwambia kwanza akanunue tairi za baridi, nyembamba kidogo kuliko za kiangazi, maana anazoendeshea sasa ni kipara.

Ile nati ya mbele kulia haikufunguka kamwe. Nilikata mwili wa koilova kwa grainda juu yake na chini yake, na kipande hicho, nati ikiwa bado imekumbatia chuma, ndicho kinachozuia mlango wa banda usijifunge kwa upepo.