Upondo wa Baba Mdogo

Nilifika Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria karibu na Kisumu, jana jioni, na leo kabla ya jua kuchomoza nimeingia ziwani na baba mdogo. Mtumbwi wake hauna injini. Anausukuma kwa upondo, na kila ukigusa chini ananiambia: "Hapa tope. Hapa mchanga. Hapa kuna mawe." Hakosei hata mara moja.

Nami kazi yangu ndiyo hiyo, kuijua sakafu iliyo chini ya maji, ila upondo wangu ni sauti. Tunaipiga majini, inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, inagonga sakafu na kurudi. Sauti nene hupenya tope, ikarudi na habari za tabaka zilizolala chini yake.

Akaniuliza kule kwenye bahari ya barafu, kazi iliponipeleka, niliona nini. Mifereji, baba. Siwa barafu, yaani mlima wa barafu uliomeguka, likielea huku kitako kimegota chini, hulima sakafu ya bahari kama plau ya ng'ombe, kilomita kadhaa. Mbele ya barafu kuu ya Thwaites, huko Antaktika kwenye ncha ya kusini ya dunia, roboti ya wenzetu ilikuta mwaka 2019 vituta zaidi ya 160, karibu mita 700 chini. Kila siku kituta kimoja: maji yakipwa barafu inakaa na kukandamiza tope, yakijaa inanyanyuka na kurudi nyuma kidogo. Hesabu ya vituta hivyo, iliyochapishwa 2022, ilionyesha kwamba barafu hiyo iliwahi kurudi nyuma kwa kasi ya zaidi ya kilomita 2 kwa mwaka. Usiku nilioisoma sikupata usingizi. Iliyokimbia hivyo zamani inaweza kukimbia tena, bahari ikapanda, na watu wengi wanaishi kando ya bahari.

Baba mdogo alisikiliza tu. Kilichomshtua ni cha hapa nyumbani: kwamba tope lililochimbwa katikati ya ziwa hili lina tabaka la udongo wa nchi kavu, kwa sababu takriban miaka 16,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka.

Upondo ukasimama. "Lote?"

"Hata penye kina kirefu, baba."

"Na fulu, hawa samaki wetu wadogo, walikwenda wapi?"

Wanasayansi wamebishania hilo tangu miaka ya tisini. Aina za fulu ni mamia. Zingepatikanaje zote kwa muda mfupi hivyo? Nikamwambia ninavyoamini: mababu zao waliponea mitoni na kwenye maziwa ya jirani, maji yaliporudi nao wakarudi, wakazaana na kugawanyika kuwa aina nyingi.

Akafikiri kitambo.

"Basi ni wahamiaji," akasema, "kama sisi." Akanikabidhi upondo.