Mninga ukiwa umesimama

Kitanda nilicholalia tangu utotoni kilikuwa cha mninga. Kabati la mama mninga, mlango wa mbele mninga. Lakini ungenipeleka porini ukaniambia nikuoneshe mti wenyewe, ningekodoa macho tu. Aibu hiyo ndiyo iliyonipandisha basi la Tabora kwenda Sikonge mwezi Oktoba.

Mwenyeji wangu, mzee mfuga nyuki, alinipokea na pikipiki yake. Nikamwamkia "mwangaluka" kwa lafudhi ya kuokoteza, akacheka. Hatujaingia mbali porini, mbung'o wakanivamia mgongoni.

"Shati hilo la bluu, mwanangu, umewapigia honi mwenyewe."

Kumbe wadudu hao hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Yeye kavaa kaki, wala hawana habari naye.

Miombo, miti iliyotawala pori hilo, inadanganya mwezi Oktoba. Mvua bado, ardhi imekauka, lakini majani ya juu ni mekundu kama shaba. Nikadhani yananyauka. Hapana, ndiyo kwanza yanachipua.

"Haya, nioneshe mninga," mzee akasema, akazima pikipiki.

Nikanyoosha kidole kwenye mti mnene, gome linabanduka vipande vipande. Mzee akainama, akaokota mbegu nyeusi inayong'aa, kichwani ina kofia nyekundu kama aliyevishwa makusudi. "Mninga hauzai wenye kofia. Huu mkongo."

Tukatembea kama robo saa. Mninga tulioufikia haukuwa na hata jani moja, ila matawini yamening'inia matunda ya duara, makavu, mapana kama kiganja. Nikaokota moja. Katikati pamevimba na kuota miiba miembamba kama ya nungunungu mchanga. Pembeni ukingo mwepesi kama karatasi, wa kupeperushwa na upepo. Ukiliweka mezani utadhani yai la kukaanga lililoota ndevu. Mti wa namna hii huna haja ya kuuliza jina lake, hata majani yakiwa yamepukutika yote. Gome nalo ni jeusijeusi, limepasuka vigaevigae kama mgongo wa mamba.

Mzee akatoa panga, akagusa gome kidogo tu, upana wa kidole. Tukasubiri. Utomvu ukachuruzika mwekundu, damu kabisa, ukamdondokea kidoleni na mimi ukanirukia shatini. Wenyeji huutumia kama dawa, na magome ya mizizi hutoa rangi nyekundu ya kutilia nguo na vikapu. Wazee wake walichonga mizinga ya nyuki kwa magogo yake, kwa kuwa mchwa hauwezi na mbao yake haijikunji ikikauka. Seremala wa mjini anaupendea hilohilo, ingawa vumbi lake humpigisha chafya kutwa.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa chini. Mzee alifukua majani akanionesha kichipukizi kisichofika goti. Nikasema, wa mwaka huu. Akatikisa kichwa: una miaka kadhaa. Kila kiangazi shina hufa, au moto hulipitia, mvua zikirudi linachipua upya, na muda wote huo mzizi unanenepa ardhini. Ukishashiba, ndipo shina linaondoka juu bila kurudi nyuma. "Kata mti, panda mti" inasemeka kirahisi, ila anayepanda mninga leo anampandia mjukuu. Mwaka 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliiweka miti ya jamii hii ya Afrika kwenye orodha ya inayohitaji kibali kuvuka mipaka. Sioni kama waliwahi.

Mzee akapaka udongo pale alipojeruhi gome, tukarudi. Tunda nililitia mfukoni, likanichoma paja njia nzima hadi Tabora. Shati nimeshalifua mara nne. Doa lipo palepale, sasa limekuwa jeusi.