Kukaa Vizuri Kwanza, Mapigo ya Moyo Baadaye: Uzoefu Wangu wa Baiskeli ya Mbio Mtwara

Mazoezi yanayofuata mapigo ya moyo humtaka mwendeshaji akae juu ya kiti kwa muda mrefu huku moyo ukienda taratibu, na hilo haliwezekani kwa mtu ambaye baada ya nusu saa anaumwa makalio na vidole vimekufa ganzi. Kwa hiyo, nilipoanza kuendesha baiskeli ya mbio nikiwa na miaka 40, nilishika spana kabla ya kutafuta mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo.

Urefu wa kiti niliupata kwa kukaa juu yake na kuweka kisigino kwenye pedeli iliyofika chini kabisa: mguu unyooke, lakini nyonga isiinamie upande. Ukisha kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti hubaki na mkunjo mdogo, ambao kwa kawaida hupendekezwa uwe kati ya nyuzi 25 na 35. Kiti nilikiweka usawa, kwa sababu pua yake ikiinama mbele, uzito huhamia viganjani. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete hutokana na kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita kiganjani. Kwangu iliisha nilipoinua usukani kidogo na kujizoesha kubadili mahali pa kushika. Bukta yenye sponji huvaliwa bila nguo ya ndani, maana mishono yake huchubua ngozi. Upepo wa tairi nao niliupunguza kiasi.

Ndipo nikaja kwenye moyo. Kanuni ya 220 kutoa umri ilinipa kikomo cha mapigo 180 kwa dakika, lakini huo ni wastani wa watu wengi, na moyo wa mtu mmoja unaweza kupishana nao kwa mapigo 10 au zaidi. Nilichukua asilimia 60 hadi 70 yake, yaani 108 hadi 126, kisha nikaihakiki kwa kuongea: nikiweza kutamka sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi, nipo mahali pake. Anayetumia dawa za shinikizo la damu amwone daktari kwanza, kwani baadhi ya dawa hizo hushusha mapigo na hesabu hii haitamfaa.

Njia yangu ni kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, takribani kilomita 10, alfajiri. Msimu wa kusi upepo hunisukuma wakati wa kwenda na kunikabili wakati wa kurudi, na hapo mapigo ya moyo ni kiongozi bora kuliko kasi: narudi kwa gia nyepesi, nikienda polepole zaidi, moyo ukibaki palepale. Msimu wa kaskazi mtihani ni joto lenye unyevunyevu. Mapigo hupanda hata mwendo usipobadilika, kwa kuwa damu nyingi huelekezwa kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na jasho hupunguza maji yaliyomo katika damu, hivyo kila pigo husukuma damu pungufu. Hapo nakunywa maji na kupunguza mwendo bila kusita.

Nilipoweza kukaa saa mbili bila maumivu, niliongeza mara moja kwa wiki mwinuko wa barabara ya Lindi baada ya Mikindani, nikiuacha moyo upite 150. Ninachokipima nikifika juu ni muda unaopita kabla haujarudi chini ya 126, na muda huo umekuwa ukipungua.