Nairobi hadi New York ni masaa mangapi kwa kweli?

Tiketi ya ndege inakuandikia saa ya kuondoka na saa ya kufika, kila moja kwa saa za mji wake, na hapo ndo watu huchanganyikiwa. Tuseme ni Januari, unatoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, 23:30 na New York unatua 06:30. Ukitoa haraka haraka unapata masaa 7, yaani New York iwe karibu kuliko London, kumbe mwenzangu umekaa kwenye kiti masaa 15, maana saa za New York ziko nyuma ya Nairobi kwa masaa 8. Kurudi ndo vituko zaidi, unatoka kule 12:30 mchana unafika Nairobi kesho yake 10:30 asubuhi, ukihesabu vile vile inakuja masaa 22!

Mimi huwa najumlisha zote mbili, 7 na 22 ni 29, nagawa kwa 2, napata 14 na nusu. Ile tofauti ya saa inajifuta yenyewe maana kwenda inakupunguzia 8 na kurudi inakurudishia 8 zile zile. Ila angalia, hiyo 8 ni ya msimu wa baridi, kuanzia Machi wenzetu wanasogeza saa mbele inakuwa 7 mpaka Novemba, na Kenya sisi hatugusi saa, so usichanganye tiketi ya kwenda Februari na ya kurudi Aprili halafu uniambie hesabu haitoki.

Sa mbona kwenda ni 15 na kurudi ni 14 wakati umbali ni ule ule, kama kilomita 11,800? Upepo. Huko juu, kilomita kama 10 hivi, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, siku nyingine unapita kilomita 200 kwa saa, na kwenye Atlantiki ya kaskazini ndo umejaa. Ukienda Marekani unapigana nao, ukirudi unakusukuma. Na njia fupi kabisa haiendi vile ungechora kwa rula kwenye ramani ya ukutani, inakata Sahara, inatokea baharini upande wa Morocco, halafu inazidi kupanda kaskazini kabla ya kushuka kidogo kuingia New York. Dunia ni mviringo, ramani ndo imenyooshwa.

Zile tovuti za kupiga umbali zinakupa masaa 13 kwa sababu zinachukua kilomita zinagawa kwa 900 basi, hazijui upepo, hazijui ndege kuzunguka ikisubiri nafasi ya kutua.

Safari hii ya moja kwa moja Kenya Airways waliianza Oktoba 2018 kwa Boeing 787, na kuitoa Nairobi sio mchezo. JKIA iko kama mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini na mabawa havipati nguvu kama za pwani, na ndege yenyewe ina mafuta ya masaa 15. Usiku kukiwa na baridi hewa inakuwa nzito kidogo, inasaidia kuruka na mzigo.

Ukipitia Ulaya au Dubai andaa masaa 20 na zaidi, na hapo ule ujanja wangu wa kugawa kwa 2 haufai, maana muda wa kusubiri kuunganisha unaweza kuwa 2 kwenda na 9 kurudi.