Kufanya kazi kwenye mashine pepe ya mbali nikiwa Lubumbashi

Ninatengeneza ramani za viwanja kwa QGIS, programu ya kuchora ramani, hapa Katuba, mjini Lubumbashi, na kompyuta yangu ya mkononi hulemewa na picha kubwa za setilaiti. Ndiyo maana nilikodi mashine pepe (kompyuta inayotumiwa kupitia intaneti) ya Ubuntu, aina ya Linux, iliyoko Frankfurt, nikatafuta njia ya kuitumia kwa kipanya na madirisha, si kwa amri za maandishi peke yake.

Niliweka Xfce, mazingira ya madirisha ambayo hayali kumbukumbu nyingi, pamoja na xrdp, programu inayoiwezesha Linux kupokea wageni kwa RDP, itifaki ya Windows ya kutumia kompyuta kwa mbali. Katika faili ya .xsession niliandika xfce4-session, ili xrdp ijue cha kufungua.

Usalama ndio uliochukua muda wangu mwingi, na sioni kwamba ulikuwa mwingi mno. RDP hutumia mlango (port) wa 3389, na mlango huo ukiachwa wazi kwenye intaneti, roboti za kubahatisha nywila huugonga usiku na mchana. Kwa hiyo katika xrdp.ini, faili ya mipangilio ya xrdp, niliandika port=tcp://127.0.0.1:3389, ili xrdp isikilize maombi yanayotoka ndani ya mashine yenyewe tu, na katika ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, nikaacha wazi mlango wa 22 peke yake, ule wa SSH (njia ya kuingia kwa mbali iliyosimbwa), unaoingiwa kwa ufunguo, si kwa nywila. Kabla ya kuingia hufungua kwanza njia ya siri kwa amri ya ssh -L 3390:localhost:3389, ikifuatwa na jina langu na anwani ya mashine, kisha huielekeza programu ya RDP ya Windows kwenye localhost:3390, yaani mlango wa 3390 wa kompyuta yangu yenyewe.

Kwa kuwa natumia mtandao wa simu, nilishusha kina cha rangi hadi biti 16 na kuondoa picha ya mandhari; menyu zikaacha kukwama, na mega zikadumu zaidi.

Faida ninayoithamini kuliko zote huonekana umeme unapokatika. Modemu huzimika, lakini kikao, yaani madirisha na programu nilizofungua, hubaki hai kule Frankfurt, na kazi ya kuunganisha picha niliyoianzisha jioni huendelea bila mimi. Nikirudi naikuta mahali pake. Sharti ni kufunga dirisha bila kutoka kwenye akaunti, na kutobadilisha kina cha rangi, kwa maana xrdp kwa kawaida hukitambua kikao kwa jina la mtumiaji na kina hicho: ukikibadilisha, utafunguliwa kikao kipya kitupu, huku kile cha zamani kikiendelea kula kumbukumbu bila wewe kukiona.